Mngurumo Uani kwa Prokopi

Katika kijiji kile cha ng'ambo ya mto Lena, majira ya baridi yakishaingia, watu hawakuulizana wameamkaje. Waliulizana gari limewaka? Ukijibu limewaka, basi wewe mzima, watoto wazima, na mkeo bado hajakukimbia. Ukijibu halijawaka, watu walivaa glavu zao wakaja, hata wale uliogombana nao wiki iliyopita.

Fekla hakuhitaji kumuuliza mtu. Yeye alisikia. Cherehani yake ilikuwa dirishani, na nje ya dirisha lile kulikuwa na uzio wa mbao, na nyuma ya uzio ua wa shemeji yake Prokopi. Kuona hakuona kitu. Kioo kilikuwa na barafu nene ya kidole kizima, na hata ungekikwangua, huko nje kulitanda ule ukungu wa baridi kali unaomficha mbwa usimwone naye yuko miguuni pako. Kwa hiyo Fekla alishona huku akisikiliza.

Asubuhi kabla ya mapambazuko mlango wa Prokopi ulilia. Kisha kikohozi, kirefu, cha mtu aliyevuta sigara kali maisha yake yote. Kisha viatu vya sufu vikikanyaga theluji. Prokopi alikuwa amebeba betri kifuani, kwa maana betri ililala ndani kila usiku, karibu zaidi na kitanda chake kuliko alivyowahi kumlaza mbwa yeyote. Kisha boneti ikafunguka, kisha ile taa ya petroli inayotema mwali ikaanza kuvuma chini ya tumbo la injini, pale oili ilipolala ikiwa nzito kama asali. Halafu matusi. Prokopi alilitukana jipu lake kila asubuhi kwa mpangilio uleule, akianza na mama yake na kuishia kwa fundi aliyelifunga nati. Mwisho injini ilikohoa, ikakataa, ikakohoa tena, ikashika.

Hapo Fekla alivuta pumzi na kutia uzi kwenye sindano.

Walimwita Prokopi shemeji yake, ingawa damu hawakuchangia. Marehemu mume wa Fekla, Kirill, aliendesha malori na Prokopi kwenye barabara za barafu tangu ujana wao, wakilala kwenye kibanda kimoja cha lori na kula nyama ya farasi kwenye sufuria moja. Mtu wa namna hiyo ukimwita jirani utakuwa umemtukana.

Madereva wale walikuwa na sheria moja, na haikuandikwa popote. Ukikuta lori barabarani linanguruma, pita, mwenyewe yuko hai, labda amelala, usimsumbue. Ukikuta lori limezima, simama, hata kama una haraka, hata kama ndani yupo adui yako. Kirill alikufa kwenye lori lililozima. Waliosimama walikuwa wa kwanza kupita njia ile tangu dhoruba, na walikuwa wamechelewa. Prokopi ndiye aliyemleta nyumbani. Tangu siku ile Fekla aliuogopa ukimya wa injini kuliko watu wengine wanavyoogopa mbwa mwitu.

Na kazi yake ikawa hiyohiyo. Alishona mablanketi ya magari, sufu nzito kwa ndani na turubai kwa nje, na kamba za kufungia chini. Kijiji kizima kilifunika magari yake kwa mkono wa Fekla. Lakini hakuna aliyetunza gari kama Prokopi. Jipu lake la kijivu lililala nje, kwa kuwa karakana yenye joto hakuwa nayo, na hakuitaka. Vioo vyote alivibandika kioo cha pili cha plastiki ili barafu isikae. Rejeta aliikinga kwa kadibodi. Waipa alizisimamisha ili zisigande. Breki ya mkono hakuivuta tangu mwezi wa kumi, maana ukiivuta utakuja kuiachia mwezi wa nne. Kutwa nzima alitoka mara kwa mara, akaliwasha, akalisikiliza, akalizima, akalifunika upya. Usipofanya hivyo, Januari gari linakuwa chuma tu, na utalisubiri hadi masika kama watu wanavyosubiri boti.

"Shemeji, ungemtunza mkeo hivyo angekuwa bado yuko kwako," Fekla humtania juu ya uzio.

"Mke ana miguu, hujipasha joto mwenyewe," naye hujibu. "Wewe nishonee kona hii, panya wameila. Unashona kama umefumba macho."

"Nashona kulingana na ninayemshonea."

Hivyo ndivyo walivyopendana, kama neno hilo linafaa kwa watu wazee.

Prokopi alikuwa na binti mmoja, Saskilana, mwalimu wa hesabu kule Neryungri, mbali kusini. Mama yake alikuwa amekwenda zake na mtu mwingine alipokuwa mdogo, na Fekla ndiye aliyemsuka nywele akaenda shule. Alimwita Fekla mama mdogo tangu ulimi wake ulipoanza kutamka. Kila mwaka alimwambia baba yake ahame, aje kuishi naye. Kila mwaka Prokopi aliuliza gari litalala wapi, akiambiwa chini ya ghorofa, akauliza nani atashuka ghorofa tano usiku kuliwasha, na mazungumzo yakaishia hapo. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na Saskilana alilijua hilo. Simu baba yake hakuipenda. Baada ya miaka yote ya kelele za injini, sauti nyembamba ya simu haikumfikia vizuri. Aliiacha juu ya kabati, akaishika Jumapili tu. Basi binti akafanya mapatano na mama mdogo. Kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza alipiga.

"Mama mdogo, umemsikia?"

"Nimemsikia. Leo amemtukana hadi bibi yake fundi."

"Amekohoa?"

"Amekohoa kama kawaida. Nenda kafundishe."

Basi. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao, na Saskilana aliingia darasani moyo umetulia. Fekla aliyachukulia kama amana. Mtu akikukabidhi baba yake hakukabidhi kitu kidogo.

Mwaka ule Prokopi alianza kuchoka. Kikohozi kilirefuka, na mara moja alianguka kwenye theluji na betri mikononi, akakaa pale akicheka mpaka Fekla akatoka na kumwinua. Fekla alifanya kosa la kumweleza binti. Likizo ya mwaka mpya Saskilana akaja, na fundi kutoka mjini nyuma yake, na boksi.

Ndani ya boksi mlikuwa na kidude kile kilichofanya magari ya vijana wote pale kijijini yajiamshe yenyewe. Kinapima joto la injini. Ikianza kupoa sana, kinawasha, kinaipasha, kinazima. Mchana, usiku, mwenyewe amelala fofofo. Betri inabaki garini. Hakuna taa ya petroli, hakuna kubeba mzigo gizani. Saskilana alikuwa na furaha ambayo Fekla hakuiona usoni mwake tangu alipokuwa na mikia miwili ya nywele.

Fundi akamwonyesha Prokopi rimoti. "Hiki unawasha, mzee. Hiki unazima. Na hiki cha pembeni, ukitaka lisijiwashe tena kabisa, unabana mpaka lilie mara moja."

"Nani mwendawazimu azime gari Januari?" akauliza Prokopi.

Wote wakacheka, hata Fekla. Rimoti ikatundikwa kwenye msumari wa chini pale mlangoni, kilipokuwa kikitundikwa kijiko cha kuvalia viatu.

Lakini Fekla hakukipenda kidude. Siku zilizofuata alikaa kwenye cherehani yake na kusikia gari likiwaka bila mlango kulia, bila kikohozi, bila tusi hata moja. Linawaka, linazima. Alikosa namna ya kulisema jambo hilo. Angesema nini, kwamba alihitaji kusikia matusi yake asubuhi? Bibi wa umri wake? Kwa hiyo akasema mengine, kama tunavyofanya sote.

Prokopi alikuja na blanketi la gari begani. "Shemeji, nitobolee hapa tundu la waya wa kidude."

"Sitoboi. Nimeshona mimi hili, usiku kucha, halafu nilitoboe kwa ajili ya uvivu wako."

"Uvivu! Mimi nina miaka hii, betri ina uzito ule—"

"Gari lisiloamshwa na mtu litakufa, shemeji. Vidude hivyo vya mjini baridi ya kweli ikija vinakufa kwanza. Utakuja hapa na taa yako ya petroli kuomba kiberiti."

"Unaongea usichokijua."

"Najua nimeishi na dereva."

Hapo ndipo Prokopi alipochokoza kidonda. Pengine alichoka, pengine alikuwa na aibu ya uzee wake, na aibu ikiumiza mwenyewe huitupia mwingine. "Kirill angekuwa na kidude hiki," alisema, "leo angekuwa hai."

Fekla aliweka mkasi mezani. Prokopi aliona alichofanya, akafungua mdomo, akaufunga, akachukua blanketi lake akaenda. Tundu akalitoboa mwenyewe, kwa kisu, vibaya.

Hasira hasara, wahenga walishasema, lakini hasira ya mtu mpole ndiyo mbaya zaidi kwa sababu haina haraka. Fekla hakupiga kelele. Aliacha tu kwenda uzioni. Alipokwenda kuchukua barafu ya chai, ile iliyokatwa mtoni na kupangwa uani kama matofali, alitembea ameinamisha kichwa. Akimsikia Prokopi uani, aliingia ndani. Saskilana alipopiga simu na kuuliza umemsikia, alijibu nimemsikia, na hakusema zaidi, wala hakudanganya, kwani gari lilinguruma na sheria ya barabarani ilisema linalonguruma lipite.

Asubuhi moja alikuta samaki ametundikwa kwenye nguzo ya lango lake, samaki mweupe mnene wa mtoni, aliyekauka kwa baridi mgumu kama ubao, wa kukwanguliwa vipande vyembamba na kuliwa na chumvi na pilipili manga. Prokopi hakujua kuomba radhi kwa mdomo. Hata mkewe alimkimbia kwa sababu hiyo. Fekla alimtazama samaki. Moyo wake ulisogea kidogo. Kisha akasikia tena lile neno la Kirill na moyo ukarudi mahali pake. Alimwacha samaki pale pale. Akajiambia hataharibika, baridi ipo, na atakapojisikia kumsamehe atamwingiza.

Jioni ile, bila yeye kujua, Prokopi alianguka ndani ya nyumba yake, kati ya kitanda na jiko.

Zamani angejulikana mapema. Zamani kila nyumba ilikuwa na tanuri la kuni, na bomba lisilotoa moshi liliwaita watu kabla ya injini. Lakini gesi ilikuwa imefika kijijini, na joto lilijiwasha lenyewe ndani kama gari lilivyojiwasha nje. Upande mmoja wa mwili wa Prokopi ukaacha kumsikiliza, na ulimi pia. Akalala sakafuni kwenye joto zuri.

Na nje, jipu la kijivu liliamka. Likanguruma, likapasha oili, likatoa moshi mweupe, likalala. Baada ya muda likaamka tena. Baridi ya wiki ile ilikuwa imefunga shule za watoto wadogo, na kidude cha Saskilana kilifanya kazi bila kosa. Fekla, upande wa pili wa uzio, alilisikia kabla ya kulala na alilisikia alfajiri.

"Mama mdogo, umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Nitampigia Jumapili. Mwambie nampenda."

"Mwambie mwenyewe," akasema Fekla, kwa ukali uliomshangaza yeye mwenyewe, na akajuta mara simu ilipokatika.

Adhuhuri ukungu ulikuwa umegeuka rangi ya maziwa, jua likiwa nyuma yake mahali fulani. Fekla alikuwa akishona blanketi la lori la mtu. Jipu likaamka kama kawaida. Likanguruma. Halafu, katikati ya kunguruma, honi ikalia mara moja, fupi, na injini ikazima.

Akasubiri. Muda wa kuwaka ukafika, ukapita. Halikuwaka.

Ningependa kusema kwamba alitupa kitambaa na kukimbia. Sheria aliijua kuliko mtu yeyote pale kijijini. Ingekuwa ni gari la mgeni, angeshatoka. Lakini lilikuwa gari la Prokopi, na Fekla akacheka. Alicheka kwa sauti, peke yake, na sindano mdomoni. Kidude kimekufa! Si alimwambia? Baridi ya kweli imekuja na kidude kimekufa kwanza. Sasa mlango utalia, sasa atatoka na kukohoa kwake, atatukana mpaka aishiwe, na akishindwa atakuja kuomba kiberiti, na kiburi chake mkononi.

Na hapo moyo wake ukalainika kabisa. Ndiyo ajabu ya ushindi, humfanya mtu kuwa mkarimu. Alikwenda langoni akamchukua yule samaki, akamwingiza. Akakanda unga wa mkate bapa. Akatoa siagi na jamu ya matunda ya porini anayoipenda shemeji yake, akaandaa vikombe viwili. Akajitungia hata maneno. Atamwambia, karibu bwana fundi wa mjini, umekuja kwa miguu? Naye atasema, shemeji, nyamaza uniletee chai. Na habari ya Kirill haitatajwa, kwa kuwa mkate utakuwa umeshaisema.

Mkate ukaiva. Chai ikachemka, ikapoa, akaichemsha tena. Kila mara alipoinua kichwa, palikuwa kimya uani. Akamkasirikia kidogo: mzee mbishi, bora gari ligande kuliko kuja kuomba. Akaendelea kumngoja. Rangi ya maziwa dirishani ikawa ya majivu. Kisha, sijui ni kwa jambo gani, labda ni mbwa aliyebweka mara moja na kuacha, akasukuma vikombe kando na kusimama kabla kichwa chake hakijaelewa.

Alitoka bila skafu. Baridi ilimkamata koo. Blanketi la jipu lilikuwa na umande wa barafu, na alipoweka kiganja juu ya boneti hapakuwa na joto hata kidogo. Mlango wa nyumba haukuwa na komeo. Aliusukuma, ukagonga kitu laini, ukakataa. Akausukuma taratibu, akijua.

Prokopi alikuwa amelala nyuma ya mlango, ubavu wake ukiuzuia. Kutoka kule jikoni hadi pale zulia lilikuwa limekunjamana, likivutwa, na kiti kilikuwa kimeanguka, na kikombe. Alikuwa amejiburuta kwa mkono mmoja, usiku mzima na asubuhi nzima, labda hivyo, nani atajua. Macho yalikuwa wazi. Rimoti ilikuwa mkononi, na kidole gumba kilikuwa bado kimebana kitufe cha pembeni.

"Shemeji," akasema Fekla. "Shemeji, shemeji, nimekuja."

Macho yale yalimtazama. Hayakuwa na hasira. Angependa yangekuwa na hasira. Mdomo ulijaribu kitu. Fekla alipiga magoti akakichukua kichwa chake mapajani, na ndipo alipoelewa alichokuwa amekifanya mzee huyu. Simu ilikuwa juu ya kabati, haifikiki. Kuita hakuweza. Alilala akilisikia gari lake mwenyewe likiiambia dunia nzima kwamba Prokopi ni mzima, mpiteni. Na akafikiri, kama dereva. Akatafuta namna ya kulizima.

Majirani walikuja, wakamfunga kwa manyoya na mablanketi. Jipu lililokuwa limetunzwa msimu wote kwa ajili ya saa kama ile lilikuwa limeganda, halingewaka kwa dua wala kwa mwali, na wakampeleka hospitali ya wilaya kwa gari la mtu mwingine. Aliishi siku chache. Saskilana alimkuta bado yupo, akamshika mkono ule uliokuwa hai, na mkono ulimjibu kwa kumbana. Hilo alilipata, namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Kaburi lilichimbwa kwa moto, kama makaburi ya Januari yanavyochimbwa kule. Vijana waliwasha kuni juu ya ardhi, wakachimba kilichoyeyuka, wakawasha tena. Prokopi akazikwa karibu na Kirill.

Watu walipokwisha ondoka, wanawake wawili walibaki jikoni kwa marehemu. Saskilana alikuwa akizikunja nguo za baba yake, shati moja moja, akizilainisha kwa kiganja kana kwamba zitavaliwa kesho. Hakuwa amelia makaburini. Sasa akalia, bila kuacha kukunja.

"Mimi ndiye niliyemuua, mama mdogo," akasema. "Ningemwachia betri yake, ungemkosa alfajiri ileile. Usingesikia kikohozi, ungekwenda. Mimi na kidude changu. Nilifikiri namsaidia, nikamnyang'anya sauti."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Nasema kwa kuwa ni kweli. Daktari kasema saa zilikuwa muhimu. Kasema angefikishwa hata mchana ule, angeweza kupona, labda kwa mkongojo, lakini angepona." Akafuta pua kwa mkono wa shati la baba yake. "Wewe ulifanya ulichoweza. Lilipozima tu, ukaja. Wewe ndiye uliyemsikia."

Fekla aliitazama meza. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Hakuna mtu mwingine aliyesikia. Ukungu ulikuwa mnene na majirani wa mbali. Binti angerudi Neryungri akiwa na mzigo wake, na mzigo ule ungembakia yeye peke yake, mpaka siku ya kufa kwake. Fekla alimsuka nywele binti huyu.

"Sikuja lilipozima," akasema.

Saskilana aliinua uso.

"Lilizima adhuhuri. Nililisikia. Honi ilisikika mara moja, na likazima." Sauti yake ilikuwa kavu, akaiacha iende hivyohivyo. "Tulikuwa tumegombana. Alinitajia Kirill, nikanuna. Mimi nilimwambia kidude kitakufa, basi lilipozima nikafikiri nimeshinda. Nikacheka, mwanangu. Nikakanda unga. Nikamngoja aje kuniomba kiberiti. Nilikwenda jua linazama."

Shati lilikuwa bado mikononi mwa Saskilana, limekunjwa nusu.

"Adhuhuri," alisema hatimaye.

"Adhuhuri."

"Alikuita wewe." Hakupaza sauti, alisema kama anavyosoma hesabu ubaoni, akitafuta kosa lilipo. "Alijua mimi niko mbali. Alijua wewe husikii kitu kingine chochote duniani ila hicho. Akajiburuta mpaka pale ili akuite wewe."

"Ndiyo."

"Na ulimsikia."

"Nilimsikia."

Saskilana alimaliza kulikunja shati. Aliliweka juu ya mengine, akazilinganisha kona zake vizuri.

"Asante kwa kuniambia, Fekla," akasema.

Tangu azaliwe hakuwahi kumwita kwa jina tupu. Fekla alisimama, akavaa koti, akafunga skafu polepole. Alisubiri kidogo mlangoni, pengine kuna neno jingine. Halikuwepo, naye akafungua mlango akaenda nyumbani kwake.